Ngao nne kwenye boksi

Alhamisi ya tarehe 27 Juni 2024, kama saa tisa alasiri, nilisimama kwenye kibanda cha fundi wa ngao pale Ngamiani nikisubiri mzigo wa ofisi. Fundi alikuwa amezifunga moja moja kwa kurasa za gazeti, akazipanga ndani ya boksi la sabuni. Kazi yangu ilikuwa kuzihesabu, kukagua majina, kulipa na kuondoka. Majina yenyewe yalikuwa yametumwa na makao makuu Dar es Salaam moja kwa moja kwa fundi, kwa hiyo sikuwa nimeyaona. Nikafungua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne niliifungua taratibu sana, kwa sababu nilishaona kuwa chini yake hakuna kitu.

"Ndizo hizi tu?" nikamuuliza.

Akachungulia daftari lake. "Nne, dada. Nimeletewa nne."

Kwenye ngao ya tatu herufi moja ya jina la mwenzangu ilikuwa imerukwa. Nikamrudishia fundi airekebishe, nikakaa kwenye benchi nusu saa nikiangalia akichonga upya jina la mtu mwingine. Nikalipa 180,000, nikadai risiti, nikabeba boksi hadi kwenye bajaji. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba sikupandishwa cheo, siku mbili kabla ya sherehe niliyoiandaa mwenyewe.

Naandika kwa ajili ya aliyeko kwenye kampuni ya ushauri, au ofisi yoyote yenye ngazi za vyeo na kamati za sherehe, hasa sisi wa mikoani ambao mambo yetu huamuliwa mbali. Mwaka ule nilipoteza pesa, nilimuumiza mzee wa watu, na nusura niache kazi kwa hasira. Sehemu kubwa ya hayo ingeepukika kama mtu angenikalisha chini mapema.

Ofisi yetu ya Tanga ni ndogo. Tuko watu 14, Chumbageni, na wabia wote wanakaa Dar. Kazi zipo, na zimeongezeka. Tangu jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi lilipowekwa Chongoleani mwaka 2017, bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, wafanyabiashara wengi wa hapa wamekuwa wakitafuta mtu wa kuwaandalia vitabu na zabuni. Bandari nayo imebadilika. Zamani meli kubwa zilitia nanga nje na mizigo ikaletwa kwa matishari. Baada ya kina kuchimbwa hadi mita 13 zikaanza kufunga gatini, na wasafirishaji wakaanza kutuita kuwapangia mahesabu mapya. Halafu kuna mkonge, ambao ndio ulionifundisha kazi.

Ngazi zetu ni mshauri msaidizi, mshauri, mshauri mwandamizi, meneja, mbia. Mwaka wa kampuni unaanza Julai 1 na kuisha Juni 30, sawasawa na mwaka wa fedha wa Serikali. Tathmini hufanyika Januari na Mei, na mwezi Juni wabia wanajifungia Dar kuamua nani apande. Mimi nilikuwa mshauri tangu mwanzoni mwa 2021. Kila mtu aliniambia mwaka huu ni wako, na mimi nikaamini.

Nilikuwa na sababu ya kuamini. Mwezi Agosti na Septemba 2023 nilifanya kazi shamba moja la mkonge upande wa Korogwe. Mteja alilalamika kuwa singa zake, yaani nyuzi za mkonge, zinashushwa daraja sokoni na hajui kwa nini. Jani la mkonge likishakatwa halitakiwi kulala. Likikaa, linakauka, nyama yake inang'ang'ania, na singa zinatoka na madoa. Na katika uzito wa jani zima singa ni kama asilimia 4 tu, kwa hiyo huna cha kupoteza. Nilikaa siku 11 kando ya korona, ile mashine ya kusaga majani, na saa mkononi, nikiandika kila tela limeingia saa ngapi na majani yake yamepita saa ngapi. Kelele za korona zilinifanya nisisikie vizuri hata nikilala. Siku ya nane ndipo nilipoliona: matela ya mchana yalikuwa yanalala hadi kesho yake, kwa sababu maji ya kuoshea yalipungua jioni na mashine ikazimwa mapema. Tukapendekeza wakataji waanze alfajiri zaidi na tela la mwisho lisipite saa sita. Hakikununuliwa chochote, na malalamiko yakapungua.

Ripoti niliiandika pamoja na mwenzangu wa Dar. Jina lake likatangulia kwenye jalada, na yeye ndiye aliyeiwasilisha kwa wabia. Sikusema neno. Nilidhani kazi nzuri inajitangaza.

Oktoba mbia mkuu akanipigia simu. Ofisi ya Tanga ingetimiza miaka 20 mwaka 2024, na walitaka kuwakusanya wote waliowahi kufanya kazi hapa. "Wewe ndiye mwenyeji, watu unawajua," akasema. Nikawa katibu wa kamati. Nilifurahi mno. Nilichukulia kwamba kukabidhiwa jambo kama hilo ni dalili ya cheo, na nadhani wengi wetu tunaingia hapo hapo.

Sikuuliza swali moja tu: saa zangu za kamati zitaandikwa wapi? Kwenye kampuni kama zetu kila saa ina mwenyewe. Ama ni saa ya mteja, ambayo inalipiwa, ama ni saa ya ndani, ambayo hailipiwi na mtu. Kwa wiki za saa 45, robo mwaka ya wiki 13 ni saa 585. Lengo letu ni asilimia 75 ziwe za mteja, yaani kama saa 439. Robo ya Januari hadi Machi mimi nilikuwa na 351, sawa na asilimia 60. Zilizobaki ziliishia kwenye simu za kutafuta namba za watu, kuonana na wapishi, kuandika mialiko. Ukipewa kamati, iombe na msimbo wake wa saa, yaani namba ya kuziandikia saa hizo, au omba kwa maandishi lengo lako lipunguzwe. Ombi hilo lina haki, na linafanywa siku ya kwanza. Mimi nililifanya Julai, baada ya mvua kunyesha.

Tathmini ya Januari niliijaza usiku, kwenye simu, nikiwa nimechoka. Kwenye nafasi ya kueleza mchango wangu nikaandika mistari sita. Kuhusu korona niliandika: "Nilishiriki mradi wa mkonge." Ndiyo hivyo, nilishiriki. Anayesoma Dar angejuaje kwamba nilikaa siku 11 nikipumua vumbi la makapi?

Februari nikafanya kosa kubwa kuliko yote ya pesa. Nilichukua mkopo wa milioni 6 kwenye saccos, miezi 24, marejesho 310,000 kwa mwezi, ili niezeke upya nyumba ya mama Pongwe. Bati za zamani zilikuwa zimetoboka na masika yalikuwa yanakuja. Hesabu yangu ilikuwa kwamba cheo kikija Julai nitapata nyongeza ya laki nne, kwa hiyo mkopo utajilipa. Nilikata kanzu mtoto hajazaliwa. Na hata angezaliwa, kanzu isingemtosha. Mshahara wangu ulikuwa umeshavuka milioni moja, kwa hiyo kila shilingi ya juu yake inakatwa hivi: laki nne ondoa NSSF asilimia 10, zinabaki 360,000, ondoa kodi asilimia 30, zinabaki 252,000, na kwa sisi tuliosomeshwa na Bodi ya Mikopo, ondoa tena asilimia 15 ya ile laki nne, yaani 60,000. Unafika nyumbani na 192,000. Mimi ni mtu wa mahesabu kwa kazi yangu, na hesabu hii sikuifanya hadi nilipokuwa nimeshasaini.

Mama naye nilimwambia. Akamwambia jirani. Jirani akawaambia wanakikoba.

Kwenye maandalizi, tarehe ndiyo iliyotugharimu kwanza. Dar walipendekeza Jumamosi ya Juni 15 na mimi nikaikubali, nikalipa nusu ya ukumbi, 600,000. Wiki tatu baadaye bibi mmoja anayetupikia chai ofisini akaniuliza, "Mwanangu, wageni wenu watakula pilau yenu au ya Idd?" Idd ya kuchinja mwaka ule iliangukia Jumatatu ya Juni 17. Nusu ya waalikwa wangekuwa njiani kwenda kwao, na wengine wangefunga siku ya Arafa. Tulihamishia Juni 29, ukumbi ule ukawa umeshachukuliwa, na malipo ya awali hayakurudi. Mimi ni mtoto wa Tanga. Sikutakiwa kukumbushwa na mtu tarehe ya Idd. Kabla ya kulipia ukumbi wowote pwani, tazama mwandamo, tazama Pasaka, halafu muulize mtu mzima.

La pili lilikuwa orodha. Nilikusanya namba 93 kutoka kwenye makabrasha ya zamani ya utumishi na kwa marafiki, nikaziingiza zote kwenye kundi moja la WhatsApp usiku mmoja. Asubuhi 19 walikuwa wameshatoka, na mmoja alinipigia akiwa na hasira za kweli. Alikuwa ameachishwa kazi mwaka 2015 na hakutaka aliyemwachisha apate namba yake. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayotumika. Taarifa ulizopewa kwa ajili ya ajira huwezi kuzigeuza za sherehe bila ridhaa ya mwenyewe. Lakini hata bila sheria, ni adabu tu. Mpigie mtu mmoja mmoja, muulize kama anataka kuitwa. Inachukua muda, ila wanaokubali ndio wanaokuja. Sisi tuliagiza sahani 80, wakaja 54.

La tatu lilitoka kichwani mwangu mimi: kwamba ili kubana matumizi, tuwatangaze waliopanda vyeo siku hiyo hiyo, mbele ya wageni. Kamati ikapiga makofi.

Usiku wa Juni 29 tulikuwa Raskazone, kwenye uwanja wa nyasi unaotazama bahari. Kusi lilikuwa linavuma vibaya. Tulikuwa tumeweka jukwaa mgongo baharini kwa ajili ya picha, na upepo ukawa unaingia moja kwa moja kwenye kipaza sauti, vitambaa vya meza vikiinuka na glasi zake. Mshereheshaji alipoita majina, mbia mkuu akasimama kupokea ngao na kuzikabidhi. Na mtu wa kumshikia sinia la ngao alikuwa mimi. Hakuna aliyepanga iwe hivyo kwa ubaya. Katibu ndiye mwenye boksi. Nilisimama pembeni yake, nikimpa moja, watu wakipiga vigelegele, nikimpa nyingine. Ya tatu niliigeuza kwanza nione kama ile herufi imekaa sawa. Ilikuwa imekaa.

Mwenzangu mwingine ambaye naye alisubiri cheo miaka mingi alikuwa meza ya mbele na mkewe. Alikuwa amemleta ili ashuhudie. Hakuwa ameambiwa chochote. Waliondoka kabla ya chakula, na Agosti akaacha kazi. Hilo bado linanikaa, kwa sababu mimi nilikuwa na siku mbili za kujua na nilijifikiria mwenyewe tu. Ningeweza kumpigia simu.

Wakati wa chakula wageni watatu, kila mmoja kwa wakati wake, waliniuliza swali moja: mzee wetu yuko wapi? Walimaanisha dereva wa ofisi, aliyetumikia miaka 17 na kustaafu 2021. Kila aliyepita ofisi ya Tanga alifundishwa barabara za mkoa huu na yeye. Alijua mteja gani hupenda kusalimiwa kwanza na mkewe, shamba gani halifikiki masika, daraja gani usipite usiku. Mimi mwenyewe siku yangu ya kwanza alinipeleka hadi Lushoto na kunirudisha, akanigawia mkate wake njiani. Kwenye orodha yangu ya watu 93 hakuwamo. Nilikuwa nimeandika washauri, mameneja, wabia, wahasibu. Dereva sikumkumbuka, wala mama wa usafi, wala mlinzi. Na mzee anaishi Makorora, dakika kumi kwa bajaji.

Aliyeuliza mara ya tatu alikuwa dada mmoja aliyeacha kampuni mwaka 2016 na sasa ana wadhifa mkubwa kwenye mambo ya usafirishaji. Alinitazama usoni kwa taa ile ya jikoni, kwenye masufuria ya mpishi nilikokwenda kujificha, akasema, "Na wewe hukupata." Nikaanza kulia. Akanishika mkono. "Kesho tutakwenda kwa mzee. Tuliza moyo, wageni bado wapo."

Jumapili asubuhi tukaenda, tumebeba pilau na kuku. Njiani akaniuliza nani alinisemea kwenye kikao. Nikamtaja mkuu wa ofisi yetu ya Tanga.

"Yeye ni mbia?"

"Hapana, ni meneja."

"Basi hakuwamo chumbani." Akanyamaza mpaka tukavuka reli. "Mdogo wangu, mimi walinipita mara mbili. Kile kikao, kila jina linabebwa na mtu aliyekaa pale. Asipokuwepo wa kulibeba, linasomwa kama namba. Wewe uliingia kama asilimia 60."

Alinieleza pia jambo ambalo sikuwahi kulielewa. Desturi ya panda au ondoka, yaani usipopanda cheo unaondoka, ilikomaa kwenye ofisi za mawakili wa New York, na kampuni za ushauri kama McKinsey zikaichukua. Kwa kuwa wengi lazima waondoke, kampuni zikajifunza kuwatunza walioondoka, maana kesho ndio wanaokuwa wateja. "Kwa hiyo usinione jana nimekaa meza ya mbele ukadhani wananipenda. Wananihitaji. Hakuna ubaya, lakini lijue. Na sisi tunaokuja, tunakuja kuonana wenyewe kwa wenyewe. Tanga ni ya waja leo waondoka leo. Ukipita hapa unataka tu kujua kuna aliyekukumbuka."

Mzee alikuwa barazani na kikombe cha kahawa. Tulimwamkia, akaitikia marahaba, akatukaribisha mkekani. Alikuwa ameshaambiwa yote. Mgeni mmoja alimpitia asubuhi. Nikamwomba radhi. Nilijaribu kueleza habari za orodha na makabrasha, akainua kiganja.

"Mwanangu, umechelewa lakini umekuja. Nilikuwa nimepiga pasi kanzu tangu Ijumaa. Nilijua tu kadi imechelewa njiani."

Nilikuwa nimetumia usiku mzima nikiwahukumu watu wa Dar kwa kunisahau. Mzee alikuwa amekaa na kanzu yake siku mbili akisubiri kadi ambayo mimi sikuiandika.

Jumatatu nikaenda kwa mama. Hilo nalo nilitaka kulikwepa. Nilimkuta anaanika nazi iliyokunwa, nikamwambia cheo hakikuja. Akauliza, "Na deni?" Nikamwambia lipo. Hakunilaumu hata kidogo, ila kwenye kikoba alikwenda mwenyewe kusema, na najua kilichomgharimu. Wiki hiyo hiyo nikaenda saccos, kabla sijachelewa rejesho hata moja, nikaomba miezi 24 iwe 36. Walikubali. Riba iliongezeka, ndiyo, lakini nilikwenda nikiwa bado mkopaji mzuri. Angalia sana hapo: ukiona mkopo unakuzidi, nenda ukiwa bado unalipa. Ukishakosa miezi miwili unaongea na watu wengine kabisa.

Sherehe yenyewe, hesabu yake ilikaa hivi. Ukumbi uliotumika 1,000,000, chakula 1,760,000, muziki na vipaza sauti 450,000, mapambo 350,000, magari ya kuwatoa wageni stendi ya Kange 210,000, ngao 180,000. Jumla 3,950,000, na ule ukumbi uliopotea 600,000, ikawa 4,550,000, wakati bajeti ilikuwa milioni 4. Hata hivyo kampuni ingelipa yote kama nisingekuwa mzembe kwenye mapambo. Mpambaji alinipa karatasi aliyoandika kwa kalamu, na mhasibu bila risiti ya EFD halipi. Zile 350,000 zikatoka mfukoni mwangu. Muulize mtoa huduma kuhusu risiti ya mashine kabla hujampa kazi.

Usiku mmoja wa Julai niliandika barua ya kuacha kazi, kurasa mbili, kali. Sikuituma. Asubuhi nikaandika nyingine ya mistari mitano nikiomba nielezwe kwa nini sikupanda. Jibu lilikuja baada ya siku kumi. Saa za mteja hazikufikia lengo. Ushahidi wa kuongoza kazi hautoshi. Na kulikuwa na sentensi moja iliyonifanya niketi: kwamba ningefaidika kupata uzoefu wa shambani, kama ule wa mwenzangu aliyeongoza uchunguzi wa mkonge Korogwe.

Nikafungua kabati, nikatoa daftari la korona. Kurasa 43 za saa na matela, kwa mwandiko wangu, zina madoa ya utomvu. Nikazipiga picha, nikampelekea mkuu wetu wa Tanga, nikamwomba twende naye kwa mbia mmoja. Sikwenda kumshitaki mwenzangu wa Dar. Hakudanganya popote, ni mimi niliyenyamaza. Mbia alipekua picha zile kwenye simu kwa muda mrefu. "Kwa nini hili sikulijua?" akauliza. Nikamjibu ukweli, kwamba sikuliandika.

Kuanzia hapo, kila Ijumaa saa kumi jioni niliandika nusu ukurasa: kazi gani, kwa nani, nini kilibadilika, nani alishuhudia. Mwisho wa kila mwezi nilimtumia yule mbia mistari michache, hata kama hakujibu. Miezi miwili ya mwanzo hakujibu. Wa tatu akanipigia kuniuliza jambo, na nikajua anasoma. Kama uko mkoani, usisubiri wakutembelee. Na utakapofanya kazi na mtu wa makao makuu, kubalianeni siku ya kwanza nani atawasilisha nini. Mkishamaliza, kila atakayelisema ataonekana anagombea sifa.

Mkusanyiko wa pili niliuomba mimi, kwa sharti la kupewa msimbo wa saa 30, nao nikapewa. Tulifanya futari, Jumamosi ya Machi 15, 2025, kwenye ua wa ofisi. Mwaka huo Ramadhani na Kwaresima zilikwenda pamoja, kwa hiyo hata wenzetu Wakristo walikuwa kwenye mfungo wao, tukaacha nyama, tukapika samaki. Mihogo ya nazi, magimbi, tambi, kaimati, tende, uji wa pilipili manga. Hapakuwa na jukwaa wala mshereheshaji. Tulimpigia kila mtu, na orodha niliianza na wale ambao majina yao hayamo kwenye makabrasha: mama wa usafi wa zamani, walinzi wawili, kijana aliyekuwa akituletea maji kwa mkokoteni. Yule aliyenifokea kwa ajili ya WhatsApp nilimpigia pia, nikamwomba radhi, nikamwambia aliyemwachisha hatakuwepo. Akaja na watoto. Gharama yote ilikuwa 1,140,000, na wote 61 waliokubali walifika, isipokuwa wanne.

Mzee alifika kabla ya wote, saa kumi na moja na dakika chache, amevaa kanzu iliyonyooka na kadi ya mwaliko mkononi ingawa hakuna aliyekuwa akidai kadi. Akasimama getini.

"Nikae wapi, mwanangu?"

Nikamwambia popote. Akachagua mkeka wa karibu na lango, na kila aliyeingia ilibidi apite kwake kwanza. Dada yule wa usafirishaji alipomwona alivua viatu mbali kabisa.

Juni wabia wakakaa tena. Safari hii kila aliyekuwa akisubiri, aliyepata na aliyekosa, alipigiwa simu siku moja kabla ya tangazo. Ilikuwa hoja yangu kwenye kikao cha Septemba na wakaikubali. Mimi nilipigiwa nikiwa sokoni. Nilipanda. Sikumwambia mama siku hiyo, wala wiki hiyo. Nilisubiri hadi mwisho wa Julai hati ya mshahara ilipotoka, nikaenda nayo Pongwe, nikamsomea mstari kwa mstari: NSSF, kodi, Bodi ya Mikopo. Nyongeza iliyobaki, 192,000.

Mama akainua macho kutazama dari. Akauliza bati moja siku hizi ni kiasi gani, maana upande wa jiko haukuezekwa.